Tulivyojifunza Kuserereka

Mwaka ule nilikuwa na uchovu ambao usingizi haukuweza kuutoa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nikifundisha kupiga taipu katika chuo kidogo mjini Nyeri, ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimesimama mbele ya mashine ishirini zikigongwa kwa pamoja, nikiita herufi moja moja, hata nikifika nyumbani jioni vidole vyangu viliendelea kugonga juu ya goti bila kutumwa. Ndoa yangu ilikuwa imekwisha kule Mwea, kimya kimya, bila mtu kupandisha sauti. Nilirudi na sanduku moja na gunia dogo la mchele alilonipa mama mkwe, nadhani kwa huruma.

Baba alikuwa akiishi nami Ruring'u tangu kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Mguu ulikuwa umerudi kiasi, lakini mkono ulibaki ukining'inia, na alikuwa akiubeba kwa mkono wa kulia kama mtu anayembebea mwingine mzigo. Maisha yake yote alikuwa dereva. Alianza gereji, akiosha vipuri kwa mafuta ya taa, akaja kuendesha malori ya mbao kutoka msituni. Katika ujana wake, kwa misimu michache, aliendesha pia gari la vipuri nyuma ya magari ya mashindano, yale yaliyokuwa yakipita kwenye matope wakati wa Pasaka. Sasa alikuwa anakaa kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba na kusikiliza magari ya watu wengine yakipanda mlima. "Huyo ameharibu klachi," alikuwa akisema. Au, "Huyo hajui gia ya pili iko wapi." Nilikuwa nikimwitikia bila kusikia.

Mwezi wa tatu ukielekea kwisha, mwenye chuo alileta kompyuta tatu. Zilikuwa zimetumika ng'ambo, zikaja kwenye katoni zilizofungwa kwa utepe wa rangi ya udongo. Aliniita ofisini akaniambia bila kuzunguka, "Mwalimu, wanafunzi hawataki taipureta tena. Muhula ujao utafundisha hizi. Mwezi wa nne chuo kikiwa kimefungwa, kaa nazo ujifunze."

Nilimuuliza nani atanifundisha mimi.

"Kuna kitabu," alisema.

Fundi alitoka Nairobi kwa siku moja kuziunganisha. Ndani ya katoni ya tatu, chini ya nyaya, alipata usukani mweusi, mdogo kuliko wa gari, ukiwa na kibanio cha kuukaza mezani na pedeli mbili za plastiki. Mwenye chuo aliugeuzageuza akidhani ni kifaa cha ofisi. Fundi alicheka, akatuonyesha kuwa mashine ile ilikuja na mchezo wa magari ndani yake. Alisema angeufuta lakini ilikuwa saa tisa na gari lake lilikuwa linaondoka. Basi ukabaki.

Jirani aliyekuwa akimwangalia baba mchana alikuwa na shamba, na mvua ilipoanza alikwenda kupanda. Sikuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mwezi wote wa nne nilikwenda na baba kazini. Ngazi za chuo zilikuwa na kishikio upande mmoja tu. Kupanda, kilikuwa kwenye mkono wake mzima. Kushuka, kilikuwa kwenye ule uliokufa, kwa hiyo alikuwa akishuka kinyumenyume, uso ukitazama juu alikotoka, nami nikiwa ngazi mbili chini yake nimeinua mikono. Tulichukua muda mrefu. Watu wa duka la mbegu walizoea, wakawa wanatuwekea kijiti mlangoni ili upepo usiufunge.

Nyumbani tulisema Gĩkũyũ. Lakini mambo ya magari baba aliyasema kwa Kiswahili, kwa sababu alijifunzia gereji kati ya mafundi wa kila kabila, na hakuwahi kuyatafsiri. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Hilo la mama hakulibadilisha kamwe, hata akikasirika.

Siku tatu za kwanza nilisoma kitabu cha kompyuta huku yeye akisinzia kando ya dirisha. Siku ya nne sikuweza kusoma tena. Maneno yalikuwa yakipita machoni bila kuingia. Nilikaza usukani ule kwenye meza, nikafungua mchezo.

Barabara ilitokea kwenye skrini, na milima ya rangi ya kijani iliyokatika pembe pembe, na miti bapa kama iliyokatwa kwenye katoni. Nilikanyaga pedeli. Gari liliguruma kwa sauti ya kinu cha posho kilicho mbali. Nikafika kona ya kwanza, nikapita moja kwa moja hadi ukutani. Nikarudia, nikagonga. Nikarudia. Sikuwa nimewahi kuendesha gari lolote maishani mwangu.

"Unashika hiyo staring kama ni mtu anataka kukuibia," baba alisema nyuma yangu. Nilidhani amelala.

"Ni mchezo tu, baba."

"Najua ni mchezo. Lakini wewe unagonga."

Aliinuka, akaja, akakaa mahali pangu. Aliweka mkono wa kulia juu ya usukani, akanyoosha mguu kwenye pedeli. Nilimwona uso ukibadilika, ukawa ule niliokuwa nikiuona utotoni alipokuwa akiingia lorini. Aliondoka vizuri. Kwenye kona usukani ulimkatalia. Ndani yake kulikuwa na mpira uliokuwa ukiurudisha katikati, mkali sana kwa mkono mmoja, na kila alipoachilia kidogo ili ashike upande mwingine, uliruka na kumtoa barabarani. Alijaribu mara tano. Ya sita aliuinua ule mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka juu ya usukani kama unavyoweka kitu rafuni, nao ukateleza ukaanguka mapajani.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Alivuta kiti cha pembeni, akahamia.

"Keti wewe," alisema. "Nitakuonyesha na mdomo."

Ndivyo tulivyoanza. Alinifundisha kwanza kutogonga, na hilo lilichukua siku mbili. Aliniambia nitazame mbali, pale barabara inapotokea, si pua ya gari. Aliniambia niache mafuta kabla ya kona, si ndani yake. Nilipoweza kuzunguka barabara yote bila kugusa ukuta nilidhani tumemaliza. Nilitaka kurudi kwenye kitabu changu.

"Sasa umejua kuendesha kama karani," alisema. "Sasa kuserereka."

Kulikuwa na kona moja ndefu iliyozunguka ziwa, upande wa kushoto, karibu nusu duara. Alitaka niingie pale na kuliacha gari liteleze makusudi, mkia ukitoka nje, pua ikitazama ndani, na nilibebe hivyo kwa ubavu mpaka mwisho wa kona bila kusimama na bila kupinduka. Nilimuuliza ni wa nini ujinga huo. Alisema barabara ya Mweiga, wakati wa mvua, haikuwa inauliza dereva kama anapenda kuteleza au hapendi. Gari la vipuri lilikuwa zito nyuma. Wengi waliogopa mkia ukianza kutoka, wakakanyaga breki, na hao ndio waliokutwa mtaroni.

"Ukingoja iteleze yenyewe, umechelewa," alisema. "Anza wewe. Ukianza wewe, unajua iko wapi."

Ili mkia utoke ilibidi kuvuta breki ya mkono, na breki ya mkono kwenye mchezo ule ilikuwa kile kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi, kile cha kuacha nafasi kati ya maneno. Nilikuwa nimekigonga kwa kidole gumba maelfu na maelfu ya mara. Lakini mikono yangu yote miwili ilihitajika kwenye usukani, na nikiuachilia kwa mkono mmoja, ule mpira ulikuwa ukiniadhibu kama ulivyomwadhibu yeye.

Baba alikitazama kitufe. Akavuta kibodi mpaka mbele yake, akaweka ngumi ya mkono wa kulia karibu nacho.

"Hii ni yangu," alisema.

Basi tukawa madereva wawili wa gari moja. Mimi usukani na mafuta, yeye breki ya mkono. Na tulikuwa wabaya kupita kiasi. Alikuwa akigonga kitufe kwa kuchelewa, kila mara, hatua mbili baada ya pale kilipohitajika, na gari lilikuwa likizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Alikuwa akikasirika, si na mimi. Alisema gari lile halina mgongo. Gari la kweli, alisema, linakuambia kupitia makalio yako, unalisikia likianza kuwa jepesi kabla jicho halijaona. Hili lilimwonyesha kila kitu baada ya kutokea. Miaka arobaini ya ujuzi wake ilikuwa makalioni, na mashine haikuwa na habari nayo.

Mimi sikuwa na cha kusahau. Baada ya siku chache niliona kwamba najua mkia utatoka lini. Nilipoingia kona nilihisi pale pa kugonga, nikamwambia, "Sasa!" Lakini neno nalo lilichelewa, mpaka litoke mdomoni, limfike, ngumi ishuke, tulikuwa tayari ukutani. Tulijaribu nihesabu, moja, mbili, tatu. Tulijaribu nipige mguu sakafuni. Siku moja stima ilipotea katikati ya kona, skrini ikawa nyeusi, tukabaki tumekaa pale gizani mchana kweupe, ukungu umejaa dirishani, mimi nimeshika usukani na yeye ngumi yake hewani. Ilirudi baada ya saa mbili. Nilichoka mpaka kwenye meno.

Ilikuwa siku hiyo ndipo nilipomuuliza. Sikuwa nimepanga. Uchovu ndio uliouliza.

"Baba, ndugu zangu uliwafundisha kuendesha."

"Ndiyo."

"Kule uwanjani, Jumapili baada ya kanisa. Wote wawili. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikashika makoti yao."

"Ndiyo. Nakumbuka."

"Mbona hukunifundisha mimi?"

Alitazama ukungu. "Hukuuliza," alisema.

"Na wao waliuliza?"

Alifikiri kwa uaminifu. Niliona anawatafuta ndugu zangu kwenye kumbukumbu yake, mmoja mmoja. "Hapana," alisema. Kisha: "Sikufikiria, mama. Ni hivyo tu. Sikufikiria hata siku moja."

Nilikuwa nimengoja jibu lile kwa zaidi ya miaka ishirini bila kujua kwamba nalingoja, na sasa lilipokuja halikuwa na mahali pa kushikia. Angesema wasichana hawaendeshi, ningepigana naye. Angesema aliogopa nitaumia, ningelia. Lakini hakufikiria. Nilishuka ngazi, nikasimama chini ya kibaraza cha duka la mbegu nikitazama maji yakishuka barabarani na maganda ya mahindi juu yake. Nikanunua chai kwenye kibanda, vikombe viwili, na mandazi. Nilipopanda tena nilimkuta hajasogea. Tulikula. Stima ikarudi.

"Sasa sitaangalia hiyo sinema," alisema akifuta mkono kwenye suruali.

"Utaangalia nini?"

"Bega lako."

Aligeuza kiti chake, akaipa skrini ubavu, akawa ananitazama mimi. Alisema amegundua kwamba kabla sijasema "sasa", bega langu la kulia linashuka kidogo. Sikuwa najua. Aliweka ngumi juu ya kitufe, macho kwenye bega. Niliingia kona. Sikusema lolote. Mkia ulitoka pale pale nilipoutaka, na nikashtuka mpaka nikaachilia usukani.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Pale pale."

"Rudia."

Kutoa mkia kulikuwa mwanzo tu. Kuubeba ilikuwa kazi nyingine. Unapeleka usukani upande ule mkia unakokwenda, huku mguu ukibaki kwenye mafuta, na mwili wako wote unakuambia uondoe mguu. Ukiongeza mafuta mno gari linazunguka, ukipunguza mno linashika barabara ghafla na kukurusha upande wa pili. Hilo la pili ndilo lililokuwa ugonjwa wangu. Nilikuwa nabeba vizuri mpaka katikati ya ziwa, kisha nachelewa kurudisha usukani, na mkia unakuja kunipiga kutoka upande mwingine. Baba, akiwa ameipa skrini ubavu, alijua kwa sauti ya injini.

"Umekawia kurudisha."

"Naona."

"Usingoje uone. Ikianza kutulia, wewe umesharudisha."

Wiki mbili tulizunguka ziwa lile. Asubuhi kitabu cha kompyuta, mchana ziwa. Mabega yalikuwa yakiniuma, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na lengelenge kutokana na ukingo wa plastiki. Sikuwa na furaha, nisije nikadanganya. Nilikuwa nikifanya kwa sababu yeye alikuwa anapanda zile ngazi bila kulalamika, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue, na kwa sababu nilipokuwa kwenye kona sikuwa nikifikiria muhula ujao.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne tuliipata. Sijui kilichokuwa tofauti. Niliingia, bega likashuka, ngumi ikashuka, mkia ukatoka, na nikaukuta tayari mikononi mwangu kama kitu kilichowekwa hapo. Ziwa lilipita mbele ya kioo badala ya pembeni. Nilikuwa natazama barabara pembeni mwa skrini, kama kupitia dirisha la ubavuni, na haikunishangaza. Mguu ulikuwa ukipumua wenyewe juu ya mafuta, kidogo, kidogo. Nikarudisha kabla ya kuona. Gari likanyooka, likaenda zake.

Kwa muda ule mfupi sikuwa nimechoka. Nalitaja hilo kwa sababu nalikumbuka kuliko kona yenyewe. Nilikuwa mtu asiye na uchovu wowote, nikijua kwamba ndivyo nilivyokuwa zamani, kabla ya Mwea, kabla ya taipureta. Kisha uchovu ukarudi, kama mtu aliyetoka tu kwenda nje kidogo.

Baba alikuwa amesikia injini ikipita bila kukatika. Alisema, "Hiyo." Akarudia mara ya pili, "Hiyo sasa." Alichukua mkono wake wa kushoto, akauweka vizuri mapajani, akatazama dirishani.

Muhula ulipofunguliwa fundi alirudi kuweka programu za kuandikia, na mashine haikuwa na nafasi ya kutosha. Nilikuwepo. Aliniuliza, "Mwalimu, hii gari nitoe?" Mwenye chuo alijibu kabla yangu kwamba atoe. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Usukani uliwekwa stoo pamoja na taipureta zilizokwisha kuondolewa.

Jirani alikuwa amemaliza kupanda, kwa hiyo baba alibaki nyumbani. Nilifundisha wanafunzi kumi na wanne kwenye kompyuta tatu, nikiwa mbele yao kwa kurasa mbili tu za kitabu. Nilikuwa nasoma usiku uliotangulia kile nitakachowaambia kesho yake kana kwamba nilikijua toka zamani. Nilikuwa nikirudi nyumbani sauti imeisha.

Jioni ya kwanza, nikimenya viazi, baba aliuliza, "Leo umepiga kona?"

Ningesema ukweli. Lakini kusema ukweli kulihitaji maneno mengi, na maneno yangu yote yalikuwa yamebaki darasani. "Nimepiga," nilisema.

"Mara ngapi?"

"Mbili. Baada ya masomo."

"Na breki ya mkono?"

"Nimegonga mwenyewe, kwa kiwiko."

Alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu kiharusi, kicheko kilichopinda kwa sababu mdomo nao ulikuwa umelegea upande mmoja. Kesho yake akauliza tena. Nikajibu tena. Ikawa kila jioni, mimi nikipika au nikifua soksi zake, namweleza kona ambazo sikupiga. Niliona kuwa nikimwambia zimekwenda vizuri mazungumzo yanaisha upesi, kwa hiyo nikaanza kuvumbua makosa. Nilimwambia leo niliingia na mbio nyingi. Nilimwambia leo gari lilinirudishia mkia. Alikuwa akiweka kikombe chini na kuniuliza: mguu ulikuwa wapi, macho yalikuwa wapi, ulisikia injini inasema nini? Nami nilikuwa nikifikiri kweli, sufuria mkononi, mguu wangu ungekuwa wapi. Aliponirekebisha nilimwamini. Kesho yake nilimletea kona iliyorekebishwa.

Tuliendelea hivyo mwezi wa tano wote na wa sita, hadi baridi ya mwezi wa saba, wakati Nyeri haioni jua na nguo hukaa kwenye kamba siku nne. Jioni moja nilirudi nimelowa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amefuta kazi ya wenzake wote na nilikuwa nimeshinda nikiwatulizia vilio. Nilikaa kwenye kitanda changu na koti langu bila kuwasha jiko.

"Leo umepiga kona?" baba aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Baba," nilisema, "ile kitu ilifutwa. Hakuna gari. Ilifutwa siku ile chuo kilifunguliwa."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Yule mwenye chuo aliniambia kanisani. Ati walitoa ile mchezo kwa sababu ya nafasi. Ni siku mingi."

"Na mbona uliendelea kuniuliza?"

Alionekana kuona aibu, jambo ambalo sikulizoea usoni mwake. Alisugua goti. "Ulikuwa unaeleza vizuri," alisema. "Nilikuwa naona hiyo kona. Na saa zingine ulikuwa unakosea kitu ya kweli, kitu mtu hawezi kujua kama hajafika hapo. Nikasema, huyu anaendesha. Sikutaka kukuambia uache."

Nilivua viatu, nikawasha jiko, tukakaa. Jioni ile hatukuwa na la kusema, na ilinilemea, kwa sababu kwa miezi miwili na nusu tulikuwa tumekuwa nalo kila siku.

Jumapili iliyofuata ndugu yangu mkubwa, ambaye analima viazi Mweiga, alikuja na pikapu yake kutuchukua tukale kwake. Tulipofika, kabla ya kushuka, baba alimwambia, "Mpe dada yako ufunguo."

"Wa nini?"

"Aendeshe."

Ndugu yangu alicheka. Kisha alimtazama baba, akaacha kucheka. "Hajui kuendesha, baba."

"Anajua kuserereka," baba alisema. "Hajui kuondoka. Hiyo ingine nitamwonyesha leo."

Shamba lilikuwa limevunwa, ardhi imelala wazi, nyeusi, yenye mashina makavu hapa na pale. Ndugu yangu alitoa ufunguo kama mtu anayetoa jino. Alikwenda akasimama kwenye ua na mikono kifuani. Nilikaa nyuma ya usukani. Ulikuwa mkubwa, na haukujirudisha katikati. Kulikuwa na pedeli tatu, na ile ya tatu sikuwa nimewahi kukutana nayo. Nilizima injini mara nne. Baba, upande wa pili, hakusema kitu ila, "Toa klachi kama unaamka kitandani." Mara ya tano pikapu ilisogea.

Tulizunguka lile shamba kwa gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba mbwa wa ndugu yangu alitupita akatungoja mbele. Hakukuwa na ziwa wala kona ya kuserereka, na hata kama ingekuwepo nisingethubutu. Lakini nililisikia gari. Kila shimo lilipanda kupitia kiti, likafika mgongoni, na nikaelewa alichokuwa akilalamikia wakati wote ule mbele ya skrini.

"Baba, nalisikia," nilisema. "Liko huku chini."

Hakujibu. Nilitupa jicho upande wake. Alikuwa amelala, kichwa kimegusa kioo, mkono wa kushoto mapajani na wa kulia juu yake. Alilala kwa urahisi, kama abiria wanavyolala. Ndugu yangu alinipungia kutoka kwenye ua kwamba chakula kiko tayari. Nilijua nikizima injini baba ataamka, na sikuwa na haraka, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuelewana na zile pedeli. Nikaingiza gia ya pili, nikazunguka tena.